Kwa nini wanga sugu huongezeka ukirudia kipimo

Umeuliza kwa nini sampuli ileile iliyopikwa inatoa wanga sugu (wanga usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba) mwingi zaidi ukiipima tena siku ya pili. Shuku friji kabla ya kushuku vimeng'enya. Wanga uliopikwa ukikaa kwenye nyuzi joto 4, minyororo yake, hasa ya amilosi (sehemu ya wanga yenye minyororo iliyonyooka), hujipanga upya kuwa fuwele ambazo amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga, haizivunji kirahisi. Kwa hiyo siku ya pili ulipima kitu kingine kabisa. Pika upya kila mara, au weka muda mmoja wa kupoza na uuandike.

Ukubwa wa chembe nao hudanganya: vipande vikubwa huficha wanga ndani, nawe ukauita sugu bure. Saga sawasawa, pitisha kwenye chekeche moja.

Kwa njia ya Englyst, inayopima wanga kwa kasi ya kumeng'enywa kwake maabarani, shikilia nyuzi 37, pH 5.2 na mtikiso usiobadilika. Chota kiasi kidogo cha mchanganyiko dakika ya 20 na ya 120, mimina papo hapo kwenye etanoli ili kimeng'enya kisimame. Ondoa glukosi huru (iliyokuwamo kabla ya kumeng'enya), ndipo uzidishe glukosi iliyobaki kwa 0.9 ili upate uzito wa wanga; hapa wengi huharibu hesabu. Na usijumlishe tu wanga sugu na nyuzi lishe, maana vipimo vingi vya nyuzi tayari huhesabu sehemu ya wanga sugu huo.