Kambi au kila mtu na lwake?

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kuhusu gemu za mtandaoni za kupigana na wachezaji wenzako: uanze na ya kambi mbili, au ile ya kila mtu na lwake, ambako yeyote anaweza kukuua. Kwa bando lako la kuungaunga, anza na kambi, mtandao ukikatika hupotezi vitu vyako.

World of Warcraft (2004) ina kambi mbili, Alliance na Horde: ukimwona wa upande wa pili, kwa kawaida adui huyo, huna haja ya kumchunguza nia. Ukifa unarudia mwili wako na vifaa vyako vipo. Ubaya wake, upande mmoja ukijaa watu, mwingine unapondwa kila siku. Ndiyo maana naipenda hesabu ya Dark Age of Camelot ya 2001: falme tatu, ili wanyonge wawili wamkabe mbabe.

Hiyo ya kila mtu na lwake ina utamu wake, lakini kaa chonjo. Kwenye Ultima Online (1997) wageni waliuawa na kuporwa mno, hadi mwaka 2000 ulimwengu ukagawanywa: Trammel ya amani, Felucca ya vita. Albion Online, ambayo inaingia hata kwenye simu, imegawa maeneo kwa rangi. Kwenye nyekundu na nyeusi ukiuawa, ulichobeba umekiaga. Mimi mvua ilinikuta naicheza hapa Mwanjelwa, mtandao ukaganda kidogo tu. Uliporudi nimebaki mtupu, ng'ombe wangu wa mizigo wa humo gemuni naye kalala chali. Nilicheka kwa hasira.

Ukitaka kuionja, vaa vifaa vya bei chee, vya thamani viache benki ya humo gemuni.