Mti wa mama unakauka. Je, amenikasirikia?

*Shangazi, mama alifariki mwaka jana, na kwa wosia wake mwili ulichomwa. Nilichimba shimo, nikamimina majivu yote, nikapanda mche juu yake. Sasa majani yanaungua kingoni na kupukutika. Dada yangu, aliyemuuguza mama, anasema hizo ni dalili kwamba mama hakuridhika, kwa kuwa siku zake za mwisho sikuwapo. Silali. Nifanye nini?*

Mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye hilo neno "silali". Basi nianze na mti, maana ndio unaokukosesha usingizi.

Majivu ya mwili wa binadamu si mbolea. Ni mifupa iliyoungua ikasagwa: kalsiamu na fosfeti kwa wingi, pamoja na chumvi. Nitrojeni ambayo mche ungeihitaji ilishatoweka motoni. Ukali wake ni kama wa magadi; kwenye kipimo cha pH hufika 11 au 12, ilhali miti mingi hustawi kwenye udongo wa 6 hadi 7. Mtu mzima huacha kilo 2 hadi 3 hivi, nawe ulizimimina zote mahali pamoja, chini ya mizizi michanga. Chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kunywa maji hata umwagilie asubuhi na jioni, ndipo majani huanza kuungua kingoni. Mche wa mtoto aliyekesha kando ya kitanda cha mama yake mpaka pumzi ya mwisho ungeungua vivyo hivyo.

Kama shina bado ni bichi ukilikwaruza kwa ukucha, mche unaweza kupona. Uchimbue taratibu pamoja na udongo ulioshika mizizi, pukuta majivu yaliyogandamana, uhamishie kwenye udongo safi wenye mboji na uuwekee kivuli kwa muda. Yale majivu shimoni usiyaogope. Yachote na udongo wake, uchanganye na udongo mwingi zaidi na mboji, kisha uyatandaze kwa wembamba sehemu pana, mbali na shina. Mvua itapunguza chumvi kidogo kidogo. Mengine yahifadhi kwenye chombo, hasa kama ardhi hiyo si yako na huenda ukahama. Na hata mti uliopandwa vizuri kabisa unaweza kufa kwa ukame au mchwa, kwa hiyo mama usimweke wote kwenye shina moja.

Kutokuwapo kwako ni jambo jingine, na linauma kweli. Sitakuambia si kitu. Lakini hilo lizungumzeni nyinyi wawili, msiutwishe mche. Dada yako alibeba ugonjwa ule peke yake. Pengine ana uchovu na hasira ambavyo hajapata pa kuvitua, akavitua kwenye majani. Mwendee. Mwambie, "Dada, ulinibebea mzigo wangu, nami sikukushukuru." Usijitetee hata kama una sababu nzuri, sababu zitapata siku yake. Kisha mwombe mtandaze majivu hayo pamoja.

Lakini mche hauwezi kusubiri mazungumzo hayo. Leo jioni, jua likipoa, kauchimbue.