Nyinyi mliosema "Ndiyo": maswali yenu kuhusu ubatizo wa watoto

Mchungaji, Bwana asifiwe. Nilibatizwa nikiwa na miezi minne. Sasa niko chuo, na wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema ule haukuwa ubatizo kwa kuwa sikuwa nimeamini. Nibatizwe tena kwa maji mengi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Asifiwe sana, mwanangu. Wenzako wameuliza swali la zamani. Ukitafuta aya inayotaja kichanga akibatizwa, hutaipata. Utakuta nyumba nzima: Lidia na nyumba yake, kisha mlinzi wa gereza la Filipi, usiku uleule, yeye na watu wake wote (Matendo 16). Kama kulikuwa na wa kubebwa mgongoni, Luka hakuandika. Lakini karibu na mwaka 200, Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo wa Afrika Kaskazini, alishauri watoto wadogo wasiharakishwe kubatizwa, na mtu hakatazi jambo lisilofanyika. Sababu yake mojawapo hunikosesha usingizi: wasimamizi wanajitia hatarini, maana wanaahidi mambo ambayo huenda wakafa kabla ya kuyatimiza.

Sisi Walutheri tunasema mtendaji kwenye ubatizo ni Mungu. Mtoto hupokea tu, kama anavyonyonya bila kujua mama yake anaitwa nani. Imani uliyo nayo leo haiyafuti maji yale, imeota pale pale yalipomwagwa. Kwa hiyo hapana, usirudie. Ila kuomba na wenzako usiache. Hiyo njaa yako ya Mungu ni ya kweli.

Ndugu wanataka tusubiri Desemba tupate hela ya ukumbi na keki. Mtoto ana miezi minane. (Baba, Arusha)

Mkimaliza mafundisho ya wazazi na wasimamizi, mleteni. Pilau ya nyumbani inatosha. Hata chai.

Nimezaa kabla ya ndoa. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia mtoto hatabatizwa mpaka nirudi kundini, yaani nitubu na kupokelewa tena mbele ya usharika. (Mama wa mmoja, Njombe)

Binti yangu, pole. Hapo yamechanganywa mambo mawili. Kurudi kundini ni habari yako wewe, na unaizungumza na mchungaji wako. Taratibu za dayosisi hazifanani, kwa hiyo usiishie kwa mzee mmoja. Nenda ofisini, mwone mchungaji mwenyewe. Msimamo wangu ni kwamba mtoto hana kesi. Nimeona mara nyingi mama amekaa benchi la nyuma kabisa, huku baba wa mtoto yuko mbele anaimba besi kwenye kwaya, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wazee wanaotaka kulea waanze kwa kumwita yule.

Mwanangu wa mwaka na nusu hupiga kelele ibadani. Jumapili iliyopita mhudumu wa mlangoni alituonyesha njia ya nje. Nimeacha kwenda. (Mama, Dar es Salaam)

Usharikani kwangu, wazazi na wasimamizi wakishaahidi, nawageukia washirika wote na kuwauliza kama watasaidia kumlea mtoto huyu katika imani. Wanasimama, wanajibu "Ndiyo, Mungu atusaidie," wanakaa. Wiki tatu baadaye mtoto yuleyule analia na shingo zinageuka. Ile "Ndiyo" ilikuwa ya nini? Na sisi viongozi tusijifiche: kamati yetu ilipitisha vipaza sauti vipya mwezi uleule mwalimu wa Shule ya Jumapili alipoomba chaki akaambiwa asubiri.

Yuko bibi mmoja kwetu, siku za kazi anauza ndizi sokoni. Mtoto akianza kulia, bibi hunyoosha mikono tu, bila neno, na mtoto hupitishwa juu ya mabenchi, mkono kwa mkono, mpaka kwake. Anamkalisha kwenye kitenge, anampa shada la funguo achezee. Kusoma hajui. Ana daftari ambamo mjukuu wake humwandikia majina ya waliobatizwa na tarehe zao. Tarehe ikifika, anamshika mtoto sikio taratibu: "Leo ndiyo siku yako ya maji." Kuna vijana wa kipaimara wasiokumbuka hata mahubiri yangu moja, lakini siku yao ya maji wanaijua.

Rudi kanisani, mama. Kaa benchi la mbele, watoto hutulia wakiona kinachoendelea. Mhudumu akija tena, mpe mtoto amshike.

Mimi ni muuguzi wodi ya watoto njiti. Usiku mmoja mama aliniomba nimbatize mwanawe, hali ilikuwa mbaya na mchungaji hakupatikana. Nilimbatiza. Nilikosea? (Muuguzi, Mbeya)

Hukukosea. Wakati wa hatari Mkristo yeyote anaweza kubatiza: maji kichwani, jina la mtoto, na maneno "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Mpelekee mchungaji taarifa, jina liandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Mtoto akipona haletwi kubatizwa upya. Analetwa ili usharika umpokee na kutoa ahadi yake mbele yake.

Barua yako haisemi mtoto anaendeleaje. Niandikie.