Unaandika historia ya tawi lenu? Anza na daftari la ada

Nilipokuwa nasoma Marekani, tawi letu la frateniti lilinikabidhi kazi ya kuandika historia yake, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kwa asiyevijua, frateniti na sororiti ni vyama vya wanafunzi wa vyuo, vya wanaume na vya wanawake, ambavyo vingi huitwa kwa herufi za Kigiriki na mtu hubaki mwanachama hata akishahitimu.

Wahitimu wa zamani wana hadithi tamu. Warekodi wote, lakini usiandike kitu kama ukweli mpaka ukione kwenye karatasi za wakati ule: mihtasari ya vikao, gazeti la wanafunzi, daftari la ada. Hilo la ada linachosha kulisoma, ila ndilo linaloonyesha nani alikuwepo kweli.

Kinachogombanisha watu zaidi ni nani alitangulia. Tazama sororiti tatu. Alpha Delta Pi huhesabu tangu 1851, ilipoanzishwa Macon, Georgia, kwa jina la Adelphean Society. Pi Beta Phi huhesabu tangu 1867, lakini wakati huo iliitwa I.C. Sorosis, jina la Kigiriki lilikuja kuwa rasmi 1888. Kappa Alpha Theta ilianza 1870 ikiwa na herufi zake tayari. Kila moja ina hoja, na hakuna mwongo hapo. Kwa hiyo kila tarehe iandike na tukio lake: kuanzishwa, kubadili jina, kufungwa, kufunguliwa tena. Frateniti ya Kappa Alpha Psi ya 1911 iliitwa Kappa Alpha Nu hadi 1915. Usipolijua hilo, utazipita nyaraka zake za mwanzo ukidhani ni za wengine.

Majina makubwa nayo yana mtego. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa wanachama wa frateniti ya Phi Beta Sigma, sawa, lakini hilo haliwafanyi kuwa wa tawi lenu.

Machungu pia yaandikwe. Frateniti nyingi za Wazungu zilikuwa na vifungu vya kuwazuia Weusi hadi katikati ya karne ya 20. Na kama tawi liliwahi kusimamishwa kwa kuwatesa wanachama wapya, taja mwaka na sababu. Ukificha, gazeti la chuo bado linayo.

Siri za kiapo ziacheni ndani. Mengine yapelekeni maktaba ya chuo, na mkubaliane kwa maandishi nani asome nini na lini. Nyumba ya chama si mahali pa kuyaweka: uongozi hubadilika mara kwa mara, na kila uongozi mpya huanza kwa kusafisha kabati.