Trekta la marehemu si lako kuliuza

SWALI: Shangazi, nimeolewa Urambo, mwaka wa sita huu. Mume wangu ana trekta la marehemu baba yake, Massey Ferguson 135, limelala chini ya mwembe tangu mzee afariki. Halilimi, na hataki liuzwe. Mama mkwe hulifuta vumbi kila Ijumaa. Kaka yangu amepata mnunuzi wa chuma chakavu, tungepata bati za jikoni. Mume kaniambia bora niondoke mimi, trekta libaki. Ananipenda kweli huyu?

JIBU: Pole, mwanangu. Neno lile limeuma, akuombe radhi. Pole yangu inaishia hapo.

Wewe umeandika bati, mimi nimesoma kaka. Mnunuzi ni wake, bei hukuitaja, na hukusema mumeo alisikia nini kabla hajafoka. Nahisi mzani wa chuma chakavu ulishafika uani.

Kwanza, mirathi ilifunguliwa? Kama mahakama haijateua msimamizi, hilo ni la warithi wote, mama mkwe akiwemo. Hata mumeo hawezi kuliuza peke yake, sembuse shemeji yake! Pili, chuma kile ni kama tani moja na nusu. Mnunuzi atakulipa kwa kilo, kisha gia boksi, difu na pampu ataviuza kama vipuri. Mama mkwe akifuta vumbi, mwache afute. Huenda ada ya shule ya mumeo ilitoka kwenye matuta ya tumbaku yaliyolimwa na trekta hilo. Siku hizi mtu anaingia kwenye mji wa watu, anahesabu vya kuuza kabla hajauliza vilinunuliwaje.

Mumeo naye ana kosa: anapenda trekta huku analiozesha. Hilo ndilo ungemdai. Aanze na sampu, bakuli la oili chini ya injini: alegeze nati ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatangulia kutoka. Matone machache ni unyevu tu. Yakimwagika mengi, huenda gasketi imekufa au hedi, kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Kisha afungue nozeli zote 3, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, amimine dizeli iliyochanganywa na oili, nusu kikombe kila silinda, aache siku 3 au 4 pistoni zilegee. Gia ikiwa huru, azungushe injini kwa spana kubwa kwenye nati ya puli ya mbele, mbele na nyuma kidogo kidogo. Vijana wakishauri livutwe likiwa kwenye gia, awafukuze. Injini iliyokamata ikilazimishwa huweza kupinda konekting rodi, mkono unaoshika pistoni, au kuvunja ringi.

Ikizunguka, apige starta nozeli zikiwa nje, mchanganyiko urushwe kwanza. Akifunga nozeli ungali ndani, pistoni itagonga kimiminika kisichobanika. Ndipo aweke oili mpya, kama lita 7, na filta mpya, kisha atoe upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli, kuanzia filta ya dizeli, pampu, hadi nati za nozeli, povu liishe. Likiwaka na gia zikagoma kuingia, asikimbilie kushusha gia boksi. Klachi ya trekta lililolala huganda kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini.

Likilima, mkubaliane mbele ya mama mkwe fungu la kulimia watu liende kwenye bati. Bloku, yaani mwili wa injini, ikionekana imepasuka, kaeni na warithi, muuze kipuri kimoja kimoja, na mzani wa kaka yako usirudi uani.