Hiyo barua ya kuacha kazi irudishe kwenye droo

Mkuu, hiyo barua usiipeleke. Mengine baadaye.

Unasema una miaka 34, unasahau mambo, ripoti za ofisini unaanza nyingi humalizi hata moja, ukajipima mtandaoni ukaambiwa una ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya mtu ashindwe kutuliza umakini au kutulia, na sasa kuna "kocha" amekuhakikishia kwamba akili ya namna yako haikuumbiwa kuajiriwa. Aisee. Maneno hayohayo mimi niliyalipia. Tena kwa simu, kwa awamu, na ya kutolea nikamwekea.

Wa kwangu alinipima WhatsApp akiwa ndani ya daladala, nasikia kabisa konda anaita Mbagala. Hakuuliza nalala saa ngapi. Hakuuliza utoto wangu wala kama nakunywa. Aliuliza tu, "Bosi wako anakubana?" Nani mjini hapa asiyebanwa na bosi? Basi nikatangaziwa kwamba nina kipaji, ofisi ni gereza, nitafute shamba. Nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikaacha. Akiba yote ikaenda kwenye matikiti, Mkuranga. Mliowahi kulima matikiti ya kwenye simu, chekeni taratibu.

Sikiliza hapa vizuri, maana ndipo hela ilipokwenda. Ofisini nilikuwa nachelewa na kupoteza karatasi, sikatai, lakini kontena likikaa bandarini gharama zinapanda kila siku, na msimamizi alikuwa anasimama mezani kwangu hadi nimalize. Yale makelele niliyoyachukia ndiyo yaliyokuwa yananisukuma. Shambani hapakuwa na wa kunifokea. Tikiti linataka maji kwa ratiba, dawa kwa ratiba, na mwenye ratiba ni mimi, mtu ninayetafuta funguo nikiwa nimezishika. Mwanzoni nilikesha nasoma habari za umwagiliaji wa matone, nikawa profesa. Mara hamasa ikakata, nikaanza kuchora mabanda ya sungura. Pampu ilipoharibika nikasema kesho. Kesho ilipofika matunda yalishadumaa, na yaliyobaki inzi wa matunda wakayafanyia harusi. Nyumbani tukauza friji. Kocha alipopigiwa akasema "hukuamini vya kutosha", kisha akanitoa kwenye kundi lake. Mshenzi yule.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa daktari wa afya ya akili, na swali lake la kwanza halikuwa la kazi. Aliuliza shule ya msingi nilikuwaje, na nani anaweza kushuhudia. Tukampigia mama, Iringa. Mama alicheka kabla ya kujibu: "Huyo? Kila muhula sweta jipya. Ukimtuma chumvi anarudi na matokeo ya mpira." Ripoti za shule nazo zilisema ninaelewa haraka ila situlii.

Hiyo ndiyo kanuni yangu na sina nyingine: kabla ya kocha, kabla ya barua, kabla ya kujiita jina lolote, mpelekee daktari shahidi wa utoto wako. ADHD haianzi ukubwani. Vigezo wanavyotumia vinataka dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, na kwa mtu mzima angalau 5 za kutotulia kimawazo, au 5 za kuhangaika na kukurupuka, zilizodumu miezi 6 au zaidi. Tena zionekane zaidi ya sehemu moja, si ofisini tu. Na ukubwani usitegemee kujiona unarukaruka. Wengi tumekaa kimya kwenye kiti, kichwani ndiko kuna kelele.

Kama utotoni ulikuwa mtulivu na madaftari yako safi, basi kuna kingine kinachokula umakini wako: sonona, wasiwasi, tezi ya shingo, pombe, usingizi. Mwenzangu mmoja wa kundi lile naye alipewa "kipaji" na kocha yuleyule. Shuleni alikuwa kiranja wa taaluma. Kumbe anakoroma hadi pumzi inakatika usiku, mchana anasinzia mbele ya wateja. Ubongo wake hauna neno, usingizi tu ndio haupati.

Na hicho kipimo cha maswali 6 ulichojaza, kama ndicho kile cha Shirika la Afya Duniani, kazi yake ni kuchuja nani akachunguzwe. Si hukumu. Video za TikTok ndiyo usiniambie: mwaka 2022 watafiti wa Kanada walipitia video 100 maarufu za ADHD, 52 wakaona zinapotosha. Kocha wako anasomea humo humo.

Dawa zipo na zinasaidia wengi, ila methylphenidate, mojawapo ya hizo, ni dawa inayodhibitiwa, inaandikwa na daktari aliyekupima. Anayekuuzia Telegram mkimbie.

Uliuliza na jambo jingine, nadhani kuhusu shemeji au watoto. Nilipanda juu kulisoma tena, nikakutana na uzi wa pikipiki, nikapotelea huko. Msinicheke, mimi nimepimwa. Mpigie mama yako leo, muulize darasa la tatu ulikuwaje, uje utuambie alichosema.

Na hiyo barua iko wapi sasa hivi?