Mwenye Kufaidi Ni Anayetunga Swali

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: maswali ya chemsha bongo yanayozunguka kwenye simu zetu yanatuongezea maarifa, au yanatumalizia muda na bando tu? Jibu langu halitawapendeza wanaopenda kujibu. Maswali hayo yanafundisha, tena sana, ila anayefunzwa zaidi ni yule anayeyatunga. Anayejibu anapata raha, anapata alama, na akibahatika anasifiwa na shemeji zake. Yule aliyekaa kuandaa swali ndiye anayelala akijua jambo ambalo asubuhi hakulijua.

Nasema haya nikiwa mtu wa ndani. Nimo kwenye kundi la WhatsApp la chemsha bongo lenye watu wa Tanga, Mombasa na Kigoma, pamoja na wachache wanaofanya kazi Muscat. Ijumaa usiku mmoja wetu anauliza, wengine tunajibu. Kila swali lina sekunde 20, na jibu likichelewa halihesabiwi, maana sote tunajua kidole kilichochelewa kilikuwa wapi: kilikuwa Google, kinadesa. Zamu ya kutunga inazunguka, na hiyo ndiyo zamu ambayo kila mtu anaikwepa. Mmoja ana mgeni, mwingine simu yake ghafla haina chaji. Hawana lawama. Ukijibu vibaya utachekwa dakika moja, lakini ukitunga vibaya utakumbushwa hadi Ramadhani ijayo.

Chukueni swali hili, ambalo nadhani kila kundi limelipitia: "Mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ni nani?" Wote wanakimbilia kwa Wangari Maathai, mwaka 2004. Ni jibu la kujivunia, na kwa jinsi swali lilivyoulizwa, si sahihi. Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata Nobel ya Fasihi mwaka 1991. Maathai ni mwanamke wa kwanza wa bara hili kupata Nobel ya Amani, na mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kupata Nobel yoyote. Mtunzi akiandika "aliyezaliwa Afrika", anaingia mtu mwingine kabisa: Dorothy Hodgkin, Mwingereza aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 1964, alizaliwa Cairo mwaka 1910. Anayejibu hana habari na mambo hayo. Ameshaandika "Wangari" kabla hujamaliza kusoma swali, kapata alama yake, anasubiri linalofuata. Mtunzi ndiye aliyelazimika kujiuliza "wa Afrika" tunampimaje. Kwa uraia, kwa mahali alipozaliwa, au kwa rangi? Jioni nzima inaweza kuishia hapo, na haitakuwa imepotea.

Mwenzetu wa Kigoma naye hadi leo hakubali kwamba Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika. Tulidhani ni upenzi wa kwao, lakini hoja anazo. Kwa eneo, Victoria halina mpinzani barani: karibu kilomita za mraba 69,000. Lakini kina chake hakifiki hata mita 100, wakati Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 hivi, na duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Ukipima maji yenyewe, Tanganyika linalizidi Victoria mara kadhaa. Tangu bishano lile, swali lolote la kwetu linalouliza kipi kikubwa bila kusema kikubwa kwa kipimo gani linarudishwa kwa mwenyewe.

Swali ninalolichukia kuliko yote ni lile la vita vifupi kuliko vyote duniani. Jibu linalosambazwa ni vita vya Waingereza na Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, dakika 38. Wengine wanaandika 40, wengine 45. Zamu yangu ilipofika nikataka kujua ipi ni ipi. Nikakuta inategemea unaanza kuhesabu amri ya kufyatua ilipotolewa au mzinga wa kwanza ulipolia, na unafunga hesabu bendera ya ikulu ilipoangushwa au dakika chache baadaye. Mpaka hapo nilikuwa bado nacheza mchezo wa dakika kama wenzangu. Kilichonishika ni mambo mengine niliyoyakuta njiani. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili tu kabla, na Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, ambao walidai kwamba bila kibali chao hakuna wa kukalia kiti. Wakampa muda wa kutoka, hakutoka. Upande wa ikulu waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Swali la dakika 38 linawafanya watu wacheke, na nimekwisha kuona linaulizwa na watu wa Unguja wenyewe, pamoja na katuni ya kucheka hadi machozi.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, wakamvusha kwa bahari hadi Tanganyika, iliyokuwa chini yao. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakamkamata. Akapelekwa uhamishoni Shelisheli na Mtakatifu Helena, na baadaye akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Kwa hiyo nikaliacha swali la dakika, nikauliza hili: sultani aliyepigwa mizinga mwaka 1896 alifia mji gani? Ni Mombasa, mwaka 1927. Watu wetu wa Mombasa walikaa kimya sekunde zote 20.

Najua nitaambiwa kwamba kujibu nako kunafundisha, na kwamba wataalamu wamelithibitisha. Ni kweli. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokuwa wanakumbuka zaidi. Utafiti huo unapendwa sana na wapenzi wa chemsha bongo, na mimi siupingi. Nawakumbusha tu kwamba wale wanafunzi walisoma kwanza. Sisi Ijumaa hatusomi chochote. Tunakuja na tulichonacho kichwani, tunakitoa, tunaondoka nacho kilekile pamoja na majibu mawili matatu mapya ambayo Jumatatu yameshapotea. Kwenye kundi zima, aliyesoma ni yule mwenye zamu.

Tena wengi wetu hatutungi, tunasambaza. Hapo kuna kisa cha Marekani ninachokipenda. Fred Worth alikuwa mwandishi wa vitabu vya maarifa madogo madogo. Ndani ya kimoja akatega mtego: aliandika kwamba Columbo, yule mpelelezi wa kwenye televisheni, jina lake la kwanza ni Philip. Alilibuni mwenyewe. Ulipotoka mchezo wa kadi za maswali uitwao Trivial Pursuit, uliobuniwa na Wakanada Chris Haney na Scott Abbott, Philip naye akawamo kwenye kadi. Mwaka 1984 Worth akaenda mahakamani akidai dola milioni 300. Wenye mchezo hawakuficha kwamba kitabu chake walikitumia, kikiwa kimojawapo kati ya vingi. Akashindwa, kwa sababu habari ya kweli haina mwenyewe, hata kama wewe ndiye uliyehangaika kuikusanya. Sheria sina ugomvi nayo. Ninachokiona mimi ni kwamba kati ya Worth na mamilioni waliocheza ule mchezo hapakuwa na mtu aliyesimama akauliza, huyu Philip kaonekana wapi?

Ndivyo yalivyo maswali yanayotufikia kila asubuhi yakiwa na picha ya waridi na neno "Amka na chemsha bongo". Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini, eti. Mwanaanga wa China, Yang Liwei, alizunguka dunia mwaka 2003, karibu kuliko mwezini kwa mbali sana, na aliporudi alisema hakuuona. Swali bado linasambazwa.

Mengine hayakuwa uongo yalipotungwa, yamechacha tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wangapi? Ilipofufuka mwaka 2000 jibu lilikuwa watatu. Mwaka 2007 walikuwa watano, 2016 sita, Kongo ilipoingia 2022 wakawa saba, na Somalia ikawafanya wanane mwaka 2024. Nimewahi kuona watu wazima wakirushiana maneno, mmoja akishikilia watano na mwingine saba, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa mwaka alioacha shule. Mikoa ya Tanzania ni vilevile: minne iliongezeka 2012, Songwe ikafuata 2016, sasa ni 31. Na anayeuliza Tanzania ilipata uhuru lini akitarajia "9 Desemba 1961" ajue kwamba siku hiyo Tanzania haikuwapo. Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Kwenye kundi letu swali la namna hii haliingii bila kutaja mwaka, na ningewaomba ninyi wa gazetini mfanye hivyo kwenye ukurasa wenu wa mwisho.

Ubishi wenyewe siulaumu. Hata kile kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilizaliwa kwenye ubishi. Mwaka 1951 Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikwenda kuwinda ndege huko Wexford, Ireland, wakabishana na wenzake ni ndege gani wa kuwindwa mwenye kasi kuliko wote Ulaya. Wakatafuta kitabuni, hawakupata. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1955, kusudi likate maneno kwenye baa. Wazee wetu walikuwa na njia nyepesi zaidi: ukishindwa kitendawili unaombwa mji, unautoa, mwenzako anatawala kwa maneno kidogo, kisha anakutegulia. Hakuna aliyebisha kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, kwa sababu jibu lilikuwa la wote tangu zamani. Mtunzi wa chemsha bongo hana kinga hiyo. Akisema Bujumbura ni mji mkuu wa Burundi, yupo mtu atakayemwambia kwamba tangu mwishoni mwa 2018 ni Gitega, na Bujumbura imebaki mji wa biashara.

Mkitaka kuonja nisemacho, jaribuni kumtungia swali Filbert Bayi. Mkiuliza ni nani aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kila Mtanzania wa umri wangu atajibu usingizini. Sasa ulizeni: medali ya Olimpiki aliipata katika mbio gani? Watasema 1,500, na wengine watampa dhahabu kabisa. Mwaka 1976 nchi yetu ilisusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo alipokuwa kwenye ubora wake hakukimbia. Alikwenda Moscow mwaka 1980, na huko akapata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Siku zilezile Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000, na hadi leo hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo. Swali ni moja, lakini kulitunga kunakuburuta hadi kwenye siasa za ubaguzi wa rangi na ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, iliyoleta kususia kule.

Na swali la namna hiyo halidesiki. Google inajibu haraka "mji mkuu wa fulani ni upi", lakini inahitaji muda wako ukiiuliza kitu gani kinaunganisha vitu vinne. Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa yangu, nikaweka majina manne: Dodoma, Abuja, Yamoussoukro, Gitega. Jibu nililoandaa lilikuwa miji mikuu iliyochukua nafasi ya mji wa kando ya maji, yaani Dar es Salaam, Lagos, Abidjan na Bujumbura. Dada mmoja wa Mombasa akauliza mbona Nairobi haimo, wakati mwaka 1905 ilichukua makao makuu ya serikali kutoka kwao. Wa Muscat akaleta Kampala na Entebbe. Nikasema nilimaanisha baada ya uhuru. Wakaniambia hilo halikuandikwa kwenye swali, na Kampala yenyewe ilichukua nafasi hiyo mwaka uleule wa uhuru, 1962. Wote wawili walipewa alama, na admini ameagiza swali lirudi Ijumaa ijayo likiwa limerekebishwa. Msomaji mwenye namna fupi ya kuliandika, isiyoacha upenyo kwa watu wa Mombasa, aitume gazetini kabla ya Alhamisi.